“Sus” ipi hiyo? Kulinganisha maana za neno moja fupi kabla hujalitafsiri

Mpwa wangu ana miaka 13, na kila siku lazima amhukumu mtu. Muuza chipsi akimrudishia chenji pungufu, “huyu sus.” Mama yake akipika pilau Jumatano pasipo mgeni wala sikukuu, “mama, leo uko sus.” Mimi nikimwambia simu yangu imeishiwa bando, ananitazama kwa kona ya jicho: “Mjomba, hiyo sus sana.” Kwake yeye, chochote anachokitilia shaka ni “sus”. Tunacheka, na yanaishia hapo.

Wiki hiyohiyo nilikuwa natafsiri maandishi ya chini ya filamu moja ya maisha ya kweli, kuhusu vijana weusi wa London miaka ya 1970. Mama mmoja anasimulia yaliyompata mwanawe, kisha anasema kwa sauti ya chini: “They done him for sus.” Kazi ilikuwa imeanzwa na mtu mwingine kabla yangu, naye aliandika: “Walimwona ana mashaka.” Nilikirudia kipande kile mara nne. Kijana yule alikamatwa barabarani, akapelekwa mahakamani, akatiwa hatiani. Tafsiri ilikuwa imemrudisha nyumbani salama, na mama yake ikamfanya aonekane analia kwa jambo dogo.

Herufi ni zilezile tatu, mdomoni mwa mpwa wangu na mdomoni mwa mama yule. Ulinganisho huu ni kwa wanaokutana na neno hili wakiwa kazini: wanaotafsiri filamu, walimu wanaoulizwa darasani, waandishi wa habari, na wazazi wanaolisikia sebuleni wakabaki kimya. Kuna “sus” kama nne, na kila moja inadai Kiswahili chake.

Kilichobaki baada ya kukata

Kukata maneno si tabia ya Waingereza peke yao. Anayekwenda Morogoro anasema anakwenda Moro, wa Kinondoni anakaa Kino, na Mnairobi wa Buruburu anatoka Buru. Lakini ukisikia “Moro” hupotei, kwa kuwa nyuma yake kuna mji mmoja tu. “Sus” ina shida nyingine. Imekatwa kutoka “suspect”, ambalo kwa Kiingereza ni kitenzi cha kushuku na pia ni jina la mtu anayeshukiwa. Imekatwa kutoka “suspicion”, yaani shaka yenyewe. Na imekatwa kutoka “suspicious”, sifa ya kitu kinachotia shaka. Maneno yote hayo yana kichwa kimoja na mikia tofauti. Mkia ukishakatwa, msikilizaji anabaki na kichwa tu mkononi, na lazima aangalie sentensi nzima ajue ni cha nani.

Asili ya kichwa hicho ni Kilatini: “sub”, chini, na “specere”, kutazama. Kushuku kwa Warumi kulikuwa kutazama kutoka chini, kama mtu anayeinamisha uso huku macho yakipanda. Sisi tumeyapokea maneno yetu ya jambo hilo kutoka Kiarabu: shaka na kushuku ni ndugu wa mzizi mmoja, tuhuma ina mzizi wake, na wasiwasi kwa asili ni mnong’ono, sauti ndogo inayomsumbua mtu ndani kwa ndani. Ni utajiri huo unaofanya kazi ya kutafsiri “sus” iwe ya kuchagua. Kiingereza cha mtaani kimevifungia vyote katika mfuko mmoja, nasi bado tunavyo kimoja kimoja.

Nguruwe naye kwa Kilatini anaitwa “sus”, na ndiyo maana wataalamu wa wanyama humwita Sus scrofa. Hana undugu na neno letu. Wala kususa hakuhusiki, ingawa mama yake mpwa wangu alidhani hivyo kwa muda: mtoto akisema “uko sus” yeye alisikia “umesusa”, akawa anajitetea kwamba chakula atakula baadaye.

Sus ya polisi na mahakama

Hii ndiyo sus nzito kuliko zote, na ndiyo inayotafsiriwa vibaya mara nyingi kwa sababu vijana wa leo wameijua ile nyepesi kwanza.

Mwaka 1824 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Uzururaji. Vita vya Napoleon vilikuwa vimekwisha mwaka 1815, barabara zilijaa askari waliorudi bila kazi na maskini waliohama vijijini, na wenye mali walitaka waondolewe mbele ya macho yao. Kifungu cha 4 cha sheria hiyo kilimgusa, pamoja na wengine wengi, “mtu anayeshukiwa au anayejulikana kuwa mwizi” akikutwa akizungukazunguka mahali pa watu kwa nia ya kutenda kosa. Polisi na wahalifu wa London, ambao siku zote wameazimana msamiati, wakakipa kifungu hicho jina fupi. Kufikia miaka ya 1930 neno “sus” lilishakuwa la kawaida katika lugha yao: mtu hukamatwa “on sus”, hushtakiwa “for sus”.

Ili uione sura ya neno hili, tazama kesi ilivyokwenda. Hakukuwa na haja ya kitu kuibwa. Hakukuwa na haja ya mlalamikaji. Polisi wawili walisimama mbele ya hakimu wakasema tulimwona kijana huyu akishika kitasa cha gari, kisha akaenda akashika kitasa cha gari jingine. Kitendo cha kwanza kilimfanya kuwa mtu anayeshukiwa. Cha pili kikakamilisha kosa. Mahakama ilikuwa ya ngazi ya chini, bila baraza la wazee wa mahakama, na neno la polisi hao wawili lilitosha. Adhabu ilifika hadi miezi mitatu jela.

Katika miaka ya 1970 sheria hii iliwaangukia vijana weusi, wengi wao watoto wa watu waliotoka visiwa vya Caribbean. Zaidi ya theluthi moja ya waliokamatwa London kwa sus walikuwa weusi, wakati jamii yao ilikuwa sehemu ndogo tu ya wakazi wa jiji. Walioinuka kwanza walikuwa kina mama. Kusini-mashariki mwa London, akiwamo Mavis Best, walikwenda vituo vya polisi kuwatoa watoto, wa kwao na wa majirani, kisha wakaanzisha kampeni iliyoitwa “Scrap Sus”: futeni sus. Mwaka 1980 kamati ya Bunge ikapendekeza kifungu kifutwe. Aprili 1981, mtaa wa Brixton, polisi walifanya operesheni waliyoiita Swamp 81. Ndani ya siku chache walisimamisha watu 943 na kukamata 118, na kuanzia tarehe 10 hadi 12 mtaa ukawaka kwa ghasia. Operesheni ile ilitegemea zaidi mamlaka ya kumsimamisha mtu na kumpekua kuliko kifungu cha sus chenyewe, lakini kwa wakazi lilikuwa jambo lilelile, na neno lao kwalo lilikuwa hilohilo. Julai mwaka huo sheria mpya ya majaribio ya uhalifu ilipitishwa, ikafuta sehemu ile ya “mtu anayeshukiwa”.

Kwa hiyo mama wa London anayesema “sus” anataja kosa la jinai, kama sisi tunavyosema “alifungwa kwa wizi”. Ndipo unapokuja uchaguzi wa Kiswahili, na hapa nina maoni yangu.

Wengi watakimbilia “uzururaji”. Wana sababu nzuri, kwa sababu sheria ile ilisafiri. Wakoloni wa Kiingereza waliiweka katika kanuni za adhabu za makoloni yao, na maneno “mtu anayeshukiwa au anayejulikana kuwa mwizi” yakaingia humo karibu kama yalivyo. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, ilirithi vifungu vyenye ukoo huo, na mtaani kosa lake linajulikana kwa jina la uzembe na uzururaji. Waliokuwa watu wazima Dar es Salaam mwaka 1983 wanakumbuka operesheni ya Nguvu Kazi, watu wakisimamishwa njiani waonyeshe kitambulisho cha kazi, na asiye nacho akapakiwa kwenye gari apelekwe kijijini. Malawi, mchuuzi wa mitaani Mayeso Gwanda alipinga kifungu cha nchi yake, na mwaka 2017 Mahakama Kuu ikakubaliana naye. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni ya kisheria kwamba sheria za uzururaji haziendani na Mkataba wa Afrika. Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ya Uganda nayo ikavifuta vipengele vya aina hiyo. Msomaji wa Kiswahili, basi, anaijua sus hata kama hajawahi kulisikia jina lake.

Hata hivyo “uzururaji” unasema nusu tu. Ukimwambia Mtanzania kijana alikamatwa kwa uzururaji, anaona mtu asiye na kazi, asiye na makazi, anayekaa kijiweni mchana kutwa. Vijana wa sus wengi walikuwa wanatoka shule, wanasubiri basi, wanakwenda kwa shangazi. Kosa lao lilikuwa shaka iliyokaa kichwani mwa polisi. Ndiyo maana mimi huandika “kosa la kushukiwa”, na ninatumia “uzururaji” pale tu ambapo anayesema anazungumzia kuzolewa mtaani kwa makundi.

Kuna pia swali la mshukiwa na mtuhumiwa. Magazeti ya Kenya yanaandika mshukiwa, ya Tanzania mtuhumiwa, na kwa habari za kila siku fuata desturi ya nchi unayoiandikia. Kwa sus ya London lakini ningemwomba hata mhariri wa Dar aniachie “mshukiwa”. Tuhuma ina mtu aliyeitamka: fulani kaniibia, fulani kanipiga. Shaka haihitaji kutamkwa, inaweza kukaa moyoni tu. Sheria ile iliadhibu hiyo iliyokaa moyoni.

“Suss” yenye s mbili za mwisho

Kutoka kwa polisi haohao kikazaliwa kitenzi. Miaka ya 1950 “to suss” kilikuwa kumshuku mtu. Miaka ya 1960 kikapata mkia mdogo, “suss out”, na maana ikageuka: kung’amua, kugundua jambo lilivyo kwa akili yako mwenyewe. Waingereza hukiandika kwa s mbili, nacho hunyambuliwa: “sussed”, “sussing”. Hapa hakuna lawama tena. Anayefanya kitendo ndiye mjanja, na mtu akiitwa “sussed” anasifiwa kwamba ameamka, anajua dunia inavyokwenda.

Kiswahili chake ni kitamu, ila kinatofautiana kwa kinachong’amuliwa. Kama ni tabia ya mtu, “I’ve got him sussed”, sema “nimeshamsoma”. Kama ni hila, mtego, mchezo mchafu, basi ni kushtukia: “walitaka kuniuzia kiwanja cha mtu, nikawashtukia.” Kusanuka kunakwenda hapo pia katika mazungumzo ya vijana, pale mtu aliyekuwa amelala usingizi wa akili anapofumbuka macho. Kama ni mahali, “suss out the place”, basi ni kuchungulia kwanza, kuangalia mazingira. Kama ni kifaa au kazi mpya, ni kuelewa tu. Ukiandika “aliishtukia simu mpya” utamfanya msomaji adhani simu ilikuwa ya wizi. Kung’amua na kubaini ninaviweka kwa maandishi rasmi, na kwenye mdomo wa kijana wa filamu siviweki kabisa.

Sus ya vijana

Hii ndiyo ya mpwa wangu. Ni sifa, huandikwa kwa s moja mwishoni, na kwa kawaida hukaa baada ya kitu: “that’s sus”, “he’s acting sus”. Si neno la jana. Waaustralia na watu wa New Zealand wameisema “a bit sus” kwa miaka mingi, kuhusu gari la mtumba linalouzwa kwa bei ya kutupa au maziwa yaliyokaa siku nyingi kwenye friji. Vijana weusi wa Marekani nao walikuwa nayo katika mazungumzo na katika rap kabla watoto wa dunia nzima hawajaijua.

Kilichoieneza ni gemu moja, Among Us, iliyotolewa na kampuni ndogo ya Marekani, Innersloth, mwaka 2018. Ilikaa karibu miaka miwili bila kelele. Katikati ya mwaka 2020, watu wakiwa wamefungiwa ndani kwa ajili ya korona, wachezaji maarufu wa mtandaoni wakaanza kuicheza mbele ya watazamaji, na Oktoba mwaka huo mbunge wa Marekani Alexandria Ocasio-Cortez alipoicheza moja kwa moja, zaidi ya watu 400,000 walikuwa wakimtazama kwa wakati mmoja.

Mchezo wenyewe ndio unaoeleza kwa nini neno lilishika. Wachezaji ni wafanyakazi wa chombo cha angani, kila mmoja na rangi yake, wanazungukia kazi zao. Miongoni mwao kuna mmoja au zaidi waliojificha, ambao kazi yao ni kuua wengine. Maiti ikionekana, wote wanaitwa kikao. Muda ni mfupi, kila mtu anachapa maneno haraka kabla saa haijakwisha, kisha kura inapigwa na anayepata nyingi anatupwa nje angani. Katika sekunde hizo nani ataandika sentensi nzima? Anaandika “red sus”, yaani wa rangi nyekundu simwelewi, na inatosha. Mara nyingi anayetupwa hakuwa na kosa lolote.

Ukiwa umetoka kusoma habari za London unaganda kidogo hapo. Watoto hawajui, na hakuna sababu ya kuwanyima mchezo wao, lakini neno limehifadhi kazi yake ya zamani: kumtoa mtu kwa kumnyooshea kidole.

Kwa Kiswahili, sus hii ina majibu mengi mazuri, na nasikitika ninapoona mfasiri ameandika “ya kutiliwa shaka” kila inapotokea. Kijana gani anaongea hivyo? Ninalolipenda kuliko yote ni “simwelewi”. “Huyu jamaa siku hizi simwelewi” haina maana kwamba anazungumza lugha ngeni. Ni shaka iliyovaa nguo ya adabu. Mkabili mtu mwenyewe: “Mbona leo sikuelewi?” Ndiyo “you’re acting sus” hasa, pamoja na utani wake na ncha yake ndogo.

Kwa jambo, badala ya mtu, “hapa kuna namna”. Bosi mkali anaposhusha sauti ghafla na kuuliza hali ya watoto, kuna namna. “Si bure” inakaribia hapo, ila ina uzee fulani, ningeiweka kwenye mdomo wa mama au wa babu: “Mgeni huyu wa kila Ijumaa, si bure.” Kwa biashara na dili, “magumashi” inafaa Tanzania, lakini angalia uzito: magumashi ni udanganyifu ambao msemaji ameshauamini, wakati sus bado inauliza. Ukiandika magumashi umeshamaliza kesi. Kwa chakula, sus ya maziwa ya Australia, hakuna ujanja: “haya maziwa siyaamini.”

Mtego mkubwa wa sehemu hii ndio uliomnasa mwenzangu. “Ana mashaka” kwa Kiswahili ni mtu mwenye wasiwasi au mwenye shida zake. Yeye ndiye anayeona shaka au anayeteseka. “He’s sus” ni kinyume chake: wengine ndio wanaomshuku. Kiingereza kina ugonjwa huu katika “suspicious”, ambalo huelekea pande zote mbili. Kiswahili kimeshautibu zamani kwa mkia mmoja, -iwa: anashuku, anashukiwa. Ukibanwa na nafasi usiutupe mkia huo.

Wavulana wa Marekani, na sasa hata wa kwetu, pia hutumia “sus” kumtania mwenzao kwa kuashiria kwamba anapenda wanaume. Inaposemwa hivyo, huonekana kwa kicheko cha kundi na kwa mlengwa kujitetea upesi. Mfasiri asijifanye kwamba haipo, kwa kuwa mazungumzo yatakosa maana. Lakini pia asiikuze kuwa tusi zito la Kiswahili ambalo mwandishi wa filamu hakulitia. “Mh, mwanangu, leo sikuelewi” hubeba dokezo hilo kwa sauti ya mwigizaji. Mwalimu au mzazi akilisikia limetumika hivyo kumwandama mtoto mmoja kila siku, hilo ni jambo la kuketi na watoto.

“Sussy” ni sus ya watoto wadogo zaidi, ya kuchezea mdomo. Usitafute maana ndani yake.

Sus ya wapiga gitaa

Ukiona Csus4 au Dsus2 juu ya maneno ya wimbo wa kwaya, weka pembeni yote niliyosema. Hii imekatwa kutoka “suspended”, iliyoning’inizwa, na mzizi wake wa Kilatini ni wa kuning’inia, “pendere”, si wa kutazama. Kordi ya kawaida ya C ina C, E na G. Ukiitoa E ukaweka F, sauti inabaki hewani ikitaka kurudi, na F inaposhuka kwenye E sikio linapumua. Usiitafsiri. Mpiga kinanda anaijua kwa jina hilohilo, na ukimwandikia “C ya mashaka” atapiga kitu kingine. SUS ya herufi kubwa zote nayo mara nyingi ni kifupisho cha jina refu, kama mfumo wa afya ya umma wa Brazil.

Ninavyochagua nikiwa mezani

Kwanza natazama neno linalotangulia. “For sus” na “on sus” ni mahakama, karibu bila shaka. “Suss” ikifuatwa na “out”, au ikiwa na “-ed”, ni kung’amua. Ikikaa peke yake mwishoni mwa sentensi, ni ya vijana. Maandishi ya mtandaoni hayaheshimu s moja wala mbili, kwa hiyo tahajia ninaichukua kama shahidi mmoja tu.

Pili, mwaka na mahali. London kabla ya 1981, mtu mweusi anazungumza, au polisi yuko kwenye picha: nasimama, narudisha nyuma, nasikiliza tena. Mhusika wa mwaka 1978 hawezi kuwa anaongea lugha ya gemu ya 2018. Kinyume chake pia hutokea: mtoto wa leo akisema “sus” usimpe maneno ya mahakama, utamfanya azungumze kama wakili.

La tatu ndilo linalonichukua muda mrefu. Nani anamwambia nani, na baada ya neno hilo nini kitampata anayetajwa? Rafiki kwa rafiki, wakicheka: sikuelewi. Mnunuzi kwa muuzaji, pesa ikiwa bado mfukoni: kuna namna. Mwenye mamlaka kwa asiye na mtetezi: kushukiwa, na neno liandikwe kamili, hata kama itabidi kukata maneno mengine kwenye mstari huo.

Je, tuliache neno lenyewe, tuandike “sus” katika Kiswahili? Kwenye mazungumzo ya watoto na vijana, ndiyo, mara moja moja. Wanaisema wenyewe, Dar na Nairobi, na tamthilia inayowaonyesha bila neno hata moja la namna hiyo itanuka uongo. Kwenye habari, mafunzo na filamu za kumbukumbu, hapana. Msomaji wa miaka 60 ana haki ya kujua kijana alishtakiwa kwa nini.

Sentensi ya mama yule nilikuwa na nafasi ya mstari mmoja, herufi zisizozidi 40, na sekunde mbili tu. Nilijaribu “Walimfunga kwa uzururaji”, nikaifuta kwa sababu mtoto alikuwa anatoka shule. Nilijaribu “Walimtuhumu bure”, nikaona inasamehe mahakama. Nikaandika: “Walimshtaki kwa kushukiwa tu.”

Mpwa wangu alikuwa amesimama nyuma ya kiti akisoma. Akaniuliza kijana aliiba nini. Nikamwambia hakuiba kitu, polisi wawili walisema walimwona akigusa magari. Akafikiri.

“Kwa hiyo walimpigia kura tu, akatoka?”

“Kura mbili,” nikamwambia. “Miezi mitatu.”

Akavuta kiti, akakaa, akaniomba nirudishe filamu mwanzo.